Anwani Moja kwa Mashine Mbili

"Joha, hivi wewe umeajiriwa kutengeneza mtandao au kugombana nao?"

Swali hilo aliulizwa siku moja na jirani yake wa Ipagala, Mama Anjelina, walipokuwa wakianua nguo uani kabla vumbi la jioni halijazichafua upya. Mama Anjelina hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amemsikia Joha tangu anafungua geti, simu sikioni, akiongea kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ileile kwa mara ya kumi, na mgeni mwenyewe hataki kusimama asikilize. Joha, vibanio vya nguo vimemjaa mdomoni, alicheka kwa pua. Alipovitoa akasema ni kugombana, dada yangu, kutengeneza ataanza Mungu akipenda.

Lakini kicheko kile kilikuwa jirani na machozi. Baba yake alikuwa amefariki huko Busi, Kondoa, na arobaini yake ilikuwa bado. Mzee alikata roho alfajiri, na Waislamu hawaweki maiti. Iddy, kaka yake Joha, alipiga simu mapema, na Joha angeondoka saa ileile kama si majibu ya vipimo kugoma pale kazini kwake. Mganga mfawidhi akamwomba ayaweke sawa kwanza ndipo aende. Akayaweka sawa, akaenda. Alipofika nyumbani akakuta jeneza limeshatoka, wanaume wako njiani kurudi kutoka makaburini, wanawake wanasugua masufuria. Hakuuona uso wa baba yake. Mama yake hakumlaumu hata kwa jicho. Alimshika mkono tu, akamwambia kisomo cha arobaini kitakuwa Jumamosi, akamtajia ni Jumamosi ipi, na akamwambia safari hiyo asije akakuta vyombo vinaoshwa.

Basi tangu siku ile Joha alikuwa na jambo moja moyoni: kuwepo kwenye arobaini ya baba yake. Na kilichokuwa kimekaa mlangoni kumzuia ni mashine mbili, kila moja ukubwa wa Biblia ya mimbarini.

Kituo cha afya anachofanyia kazi kiko Ihumwa, upande wa reli. Si kikubwa. Kina wauguzi, duka la dawa, chumba cha kujifungulia, na Joha peke yake kwa mambo yote yenye waya. Chumba cha mashine zake kilikuwa stoo ya mafagio, na harufu ya dawa ya kudekia haijatoka mpaka leo. Mle ndani, juu ya rafu, ndimo zilimokaa zile mbili, ambazo mafundi huziita fayawoli. Kazi yake ni kama ya bawabu. Kompyuta yoyote ya kituo ikitaka kutoka kwenda kwenye mtandao wa dunia, inapita kwake, na chochote cha nje kikitaka kuingia, kinamkuta yeye kwanza. Mabawabu waliwekwa wawili ili mmoja akizidiwa, mwenzake ashike zamu bila mtu kujua. Kampuni iliyozifunga ilikuja kwa gari zuri, ikafunga, ikala chakula cha mchana, ikaondoka. Joha akabaki nazo.

Sasa, damu na mikojo ya wagonjwa hupelekwa kila asubuhi kwenye maabara kubwa ya mjini, na majibu hurudi kwa mtandao. Maabara ile haifungulii kila anayebisha. Ina sheria yake: kituo kimoja, anwani moja. Ukifika na anwani iliyoandikwa kwao, unapewa majibu yako. Ukifika na nyingine, hata kama ni wewe yuleyule, mlango haufunguki na hakuna atakayekuambia kwa nini. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya mashine ya kwanza.

Na mashine ya kwanza ilikuwa inazima kila mchana, jua likishakaa vizuri juu ya bati.

Hapo ndipo mateso ya Joha yalipoanzia. Maana mashine ikizima, ya pili inaamka kama ilivyofundishwa, na mtandao unaendelea. Wauguzi wanaangalia video zao, muuza dawa anatumiana picha na shemeji zake, mambo yote mazuri. Isipokuwa majibu. Mashine ya pili ilikuwa inatoka na anwani yake yenyewe, maabara hawaijui, wanafunga. Akina mama wajawazito waliotoka na mabasi ya alfajiri kutoka vijijini wanakaa kwenye benchi, wanasubiri karatasi isiyokuja, mwisho wanafunga khanga zao wanaondoka.

Daktari Wambura, mganga mfawidhi, si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka. Alizoea jambo kuwa ndiyo au hapana, kama malaria.

"Joha, mtandao upo au haupo?"

"Upo, daktari, ila—"

"Kama upo, majibu yako wapi?"

Na Joha akianza kueleza habari ya anwani, daktari anaangalia saa, muuguzi anaingilia kati kuwa kwake WhatsApp inafunguka vizuri tu, na maneno yanaishia hapo. Joha anakimbilia stoo. Anaikuta mashine ya kwanza imezima, anabonyeza kitufe, inawaka, inarudi kwenye zamu yake, majibu yanamiminika. Ndipo watu wanapomaliza kabisa subira yake. Muuza dawa alimwambia mbele za watu, kumbe kazi yenyewe ni kubonyeza kitufe, sasa anachelewa nini kukibonyeza? Wakacheka. Joha naye akacheka, maana amelelewa vizuri, lakini usiku wa siku hiyo aliuacha ugali wake sahanini.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba hakuona sababu ya mashine kuzima. Alibadilisha waya wa umeme. Alibadilisha soketi. Aliisogeza mbali na dirisha. Kila alipoingia aliikuta imekaa wazi, safi, haina hata vumbi, ila ni ya moto kama pasi.

Jambo lile lilifichuka kwa sababu ya msiba mwingine. Pale kituoni kuna mama wa usafi anaitwa Debora, Mgogo, mlokole, mtu wa sala. Kila asubuhi kabla hajashika deki huzunguka vyumba vyote akiviombea, na stoo ya Joha haisahau. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa pili. Siku hiyo mama Debora alikuwa ameomba ruhusa mchana akazike jirani. Mashine ikazima kama kawaida, Joha akakimbia kama kawaida, akafungua mwenyewe. Akasimama mlangoni.

Mashine ya kwanza ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kizito, cheupe, kina maua mekundu pembeni, kimekunjwa mara mbili ili kisiburute. Juu yake kulikuwa na glasi yenye maua ya plastiki.

Mama Debora aliporudi, Joha alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kitambaa mapajani, hana hata nguvu ya kukasirika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa hapo?"

"Mama, hiki kitambaa ni chako?"

"Changu. Nilikifuma mwenyewe. Kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Mashine ndiyo inaharibika. Ina matundu ya kupumulia pembeni na juu. Ukiifunika inapata joto, inazima."

Mama Debora alimtazama kama anayetazama mtoto aliyesema uongo mdogo. "Vumbi lote hili la Dodoma, mashine ya gharama namna hiyo ilale uchi? Hata redio kwangu haikai hivyo."

"Lakini mbona kila nikija nakikuta hakipo?"

"Si nakusikia unakuja unakimbia? Nakutangulia nakitoa, nikupishe ufanye kazi yako kwa nafasi. Fundi hawezi kufanya kazi kwenye kitu kilichofunikwa."

Joha alifumba macho, akasema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Afanye nini? Mtu amefuma kwa mikono yake, amefunika kwa upendo, amefunua kwa heshima. Huwezi kumgombeza mtu wa namna hiyo, tena umri wa mama yako. Walikubaliana kitambaa kitandikwe kwenye meza ya Joha kule mapokezi, chini ya kikombe cha chai, na maua pia yahamie huko. Mama Debora alikubali, ingawa siku mbili tatu za mwanzo alikuwa akipita mlangoni pa stoo anaichungulia mashine kwa huruma.

Daktari Wambura aliposikia, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema basi yamekwisha, kumbe adui ni kitambaa. Joha akamwambia hayajaisha. Kitambaa kilikuwa kinaiangusha mashine ya kwanza, sawa, lakini ubovu hasa ni kwamba ikianguka kwa sababu yoyote, ya pili inatoka na jina ambalo maabara hawalijui. Leo ni kitambaa, kesho ni umeme. Daktari alimwambia asiwe mtu wa kutafuta matatizo.

Kesho haikuchelewa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ya kwanza ikachelewa kuamka, ya pili ikashika zamu, majibu yakafungwa. Jioni hiyo Joha alipeleka ombi la ruhusa ya kwenda Busi, na daktari akamrudishia bila kusaini. Hakuwa mkali. Alisema hawezi kumwachia aende mahali ambapo simu haishiki mpaka mtu apande kichuguu, huku wajawazito wanategemea mashine yenye kifafa. Atengeneze kwanza, ionekane imetengenezeka, ndipo waongee habari ya safari.

"Nilikuambia kuwa haijaisha," Joha alisema.

"Ndiyo. Sasa imalize."

Jioni ile ndiyo aliyomweleza Mama Anjelina, maana asingemweleza mtu angepasuka. Walikuwa wakichambua mchele uani. Akamwambia, chukulia shughuli ya harusi. Mlangoni kuna mtu, kaambiwa ndugu wa bibi harusi wanaingia kwa sare ya kijani. Kaja shangazi kavaa kijani, kaingia. Shangazi kaugua, kaja mdogo wake, ndugu wa damu kabisa, ila kavaa njano. Anarudishwa. Mama Anjelina akasema mbona hiyo ni rahisi, wampe mdogo mtu na yeye ya kijani. Joha akasema ndicho anachotaka kufanya. Mashine kila moja ina nguo yake ya nyumbani, ibaki nayo. Lakini kuwe na anwani nyingine, ambayo mafundi huiita anwani pepe, kwa kuwa haina mashine iliyo yake. Mwenye zamu ndiye anayeivaa. Akianguka, mwenzake anaiokota palepale anaivaa, na kule maabara wanaona kijani kilekile. Mama Anjelina akauliza, kama jambo lenyewe ni hilo tu, kwa nini amekonda? Joha akaendelea kuchambua mchele.

Waliowauzia mtandao walikuwa wamewapa anwani kadhaa, na moja ilikaa bure. Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya arobaini, Joha akaichukua hiyo akaifanya ndiyo anwani pepe ya upande wa nje, akaiandika kwenye mashine ya kwanza, akahakikisha na ya pili imeipokea. Kisha akaijaribu kwa simu yake kutoka nje ya kituo. Aliiita, yaani aliitumia ishara ya kuuliza kama ipo, ikaitika. Akaizima mashine ya kwanza akaiita tena. Ikaitika, sasa ikiwa kwa mashine ya pili. Akaiwasha tena ya kwanza. Joha alisikia mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akampigia Gideoni, kijana wa mitandao wa kule maabara, akamwomba afute anwani ya zamani aandike mpya. Gideoni akafuta, akaandika.

Majibu yote yakafungwa. Siyo mchana, siyo mashine ya pili peke yake. Yote, asubuhi ile, kwa mashine zote mbili. Kilichokuwa kinaugua mchana sasa kikafa kabisa.

Nisimalize maneno kueleza Alhamisi ile ilivyokuwa. Benchi lilijaa. Muuguzi mmoja alikuja kumuuliza Joha amegusa nini. Muuza dawa akashauri abonyeze kitufe. Mama Debora alikuja kimya akaweka kikombe cha chai kwenye kile kitambaa, akaondoka. Joha alirudia kila kitu alichokiandika, herufi kwa herufi, na kila kitu kilikuwa sawa, na kitu kikiwa sawa na hakifanyi kazi hakuna jambo linalokera zaidi ya hilo chini ya jua. Aliiita ile anwani, ikaitika. Aliiita tena, kama mtu anayemwita mtoto mtundu aliyejificha, ikaitika tena kwa adabu.

Akampigia Gideoni, sauti yake sasa haina salamu nyingi. Akamwambia ameandika vibaya.

"Sijaandika vibaya, dada Joha. Kwangu naona mnakuja na ile ya zamani."

"Haiwezekani. Mpya inaitika, nimeijaribu sasa hivi."

"Inaitika ukiigongea. Sijakataa. Lakini nyinyi mnapotoka huko kwenu hamji nayo. Mnakuja na ya mashine yenyewe."

Gideoni akauliza kama bado yupo.

Alikuwepo. Alikuwa ameliona kosa lake limekaa mbele yake kama mbuzi aliyelala sebuleni. Kuitwa na kuitika ni jambo moja, na kutoka ni jambo jingine. Yeye alikuwa ametundika sare mlangoni, akamwambia mwenye shughuli awasubiri watu wa kijani, na wala hakumwambia mtu yeyote wa ndani aivae. Kwenye fayawoli kuna sehemu inayoamua kila kompyuta ikitoka itoke na anwani ipi, mafundi huiita NAT ya kutoka. Kampuni ile ya gari zuri iliiacha ijiamulie yenyewe. Na ikijiamulia yenyewe, huvalisha watu nguo ya mashine iliyopo zamu. Anwani pepe haiigusi mpaka iamriwe. Joha alifundishwa hilo chuoni. Alilijibu kwenye mtihani. Na alipojaribu alijaribu kubisha hodi kwa nje, hakujaribu kutoka.

"Gideoni," alisema, "nisamehe kwa maneno yangu."

"Usijali, dada. Hata sisi mwaka jana ilitukuta, tena Ijumaa kama hivi." Joha akamwambia leo ni Alhamisi. Gideoni akasema basi Mungu amewapendelea, bado wana siku nzima kabla ya wikendi.

Aliingia stoo, akaiondoa ile sehemu kwenye kujiamulia. Akaandika kwa mkono kwamba kompyuta zote za kituo, zikitoka, zitoke na anwani pepe, si nyingine. Aliiweka amri hiyo juu kabisa, isije ikatanguliwa na nyingine, maana mashine hufuata ya kwanza inayoikuta, haisomi mpaka mwisho. Akaangalia mashine ya pili, akaona nayo imeipokea. Kisha akamwomba Gideoni atazame.

Gideoni akatazama. Akasema, "Karibuni. Mmekuja na ya kwenu."

Majibu yalianza kushuka. Mama mmoja aliyekuwa ameshafunga khanga aliitwa jina akiwa getini.

Lakini Joha alishachoka kuambiwa atengeneze na ionekane. Ijumaa asubuhi alimfuata Daktari Wambura ofisini, akamwomba aje stoo na simu yenye ukurasa wa majibu. Daktari akaja, na muuza dawa nyuma yake kwa kuwa hapitwi na jambo, na mama Debora na deki yake. Chumba hakikuwatosha. Joha hakueleza kitu. Alishika waya wa umeme wa mashine ya kwanza, akauchomoa mbele yao.

Muuza dawa alirudi nyuma hatua nzima. Taa za mashine ya kwanza zikafa, za ya pili zikachangamka. Daktari akaangalia simu yake. Jibu likaingia, la damu ya mtu. Likaingia lingine. Akamwangalia Joha, akaangalia waya mkononi mwake, akaangalia simu tena. Likaingia la tatu.

"Na bado imechomolewa?"

"Bado, daktari."

Mama Debora akasema Bwana asifiwe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya. Daktari alitikisa kichwa, akampongeza Joha, na hakumpongeza kwa ulimi tu. Alisema ni kazi safi, hata wale wa kampuni hawakuifanya. Akamwambia arudishe waya. Kisha, akiwa tayari ameshageuka mlangoni, akasema sasa waiangalie Jumamosi na Jumapili inakwendaje, Jumatatu wataongea habari ya ile ruhusa.

Muuza dawa akatazama chini. Basi la Kondoa lilikuwa linaondoka adhuhuri, na kila mtu pale alijua Jumamosi ni siku gani. Joha alirudisha waya kwenye soketi taratibu, akasubiri mpaka taa za mashine ya kwanza ziwake zote. Alihisi maneno mengi yanampanda kifuani, ya wiki zote zile, ya kitufe, ya WhatsApp, ya kitambaa, ya mtandao upo au haupo. Mengine yangekuwa ya haki kabisa. Aliyaacha yashuke. Akajifuta mikono kwenye khanga, akamgeukia daktari.

"Daktari, mashine moja ikilala, nyingine itaamka bila mimi. Baba yangu hana binti mwingine. Naomba uniruhusu niende Busi leo."